Ulimi Uliofungwa na Mgongo Uliopinda

Kwa miaka mingi nalikuwa na amri moja ambayo naliitoa darasani mara nyingi kuliko amri zote, nayo ni hii: "Kaa wima!" Amri hiyo nalirithi kwa walimu wangu, nao yamkini waliirithi kwa walimu wao, wala sababu yake sikuiuliza. Nalidhani mgongo ulionyooka ni alama ya adabu tu, kama kucha safi na shati lililochomekwa. Basi, wasomaji wapenzi, nataka kuwasimulia habari za mtoto mmoja aliyenifanya niitazame tena amri ile. Na habari zenyewe si za kunipa sifa.

Mwaka 2016, michango ilipoondolewa katika shule za msingi za Tanzania, watoto walimiminika shuleni kama maji ya masika. Shule yetu ilikuwa katika nchi ya Wasukuma, upande wa Ziwa Viktoria. Madawati yalikuwa machache tangu zamani, na mwaka ule hayakutosha hata nusu. Dawati la watoto watatu lilikaliwa na watano, na waliokosa nafasi waliketi sakafuni, daftari juu ya mapaja, migongo imepinda kama ndoana. Miongoni mwao alikuwako mtoto wa darasa la pili, mwenye umri wa miaka minane hivi, mpole mno, aliyekaa daima pembeni karibu na ukuta. Mabega yake yaliangukia mbele, kidevu chake kilitangulia kifua, na kinywa chake kilikuwa wazi kidogo, kana kwamba yu karibu kusema neno, wala halisemi.

Kusoma alijua. Nikiandika swali ubaoni, jibu lake lilikuwa la kwanza kuandikwa, na mwandiko wake ulipendeza. Lakini kusoma kwa sauti kulikuwa ni taabu kwake na mchezo kwa wenzake. Neno "rafiki" lilitoka kinywani mwake limelainika, herufi ya kwanza haishikiki, nami, bila ya kutega sikio sawasawa, nalisikia "lafiki." Sasa jambo hili huku kwetu si geni. Kisukuma hakina R, kwa hiyo watu wengi husema lafiki na balabala, kama vile Wakikuyu, ambao lugha yao haina L, wanavyosumbuka kwa upande wa pili. Si ugonjwa huo. Ni mazoea ya lugha ya nyumbani, na mtoto akizoezwa huzoea. Nikasema moyoni, huyu naye atazoezwa.

Nikamzoeza. Siku moja nalimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwamuru aseme "barabara" mpaka aliseme sawasawa. Akajaribu mara ya kwanza, watoto wakacheka. Akajaribu tena, na tena, na kila mara kichwa chake kikazidi kushuka, nami nikapaza sauti, "Inua kichwa! Kaa wima mtoto wewe!" hali amesimama. Sikumwachia mpaka machozi yalipomdondoka juu ya daftari. Nalimwita mvivu, na neno jingine nalisema ambalo sitaliandika hapa. Tangu siku ile hakuinua mkono tena.

Hata mwezi wa Novemba embe zikaiva. Wakati wa mapumziko nalikuwa nimesimama mlangoni nikiwatazama watoto wakila, na maji ya embe yakiwachuruzika mpaka kidevuni. Wengine wote walijilamba midomo bila ya kufikiri, kama kila kiumbe afanyavyo. Yeye hakujilamba. Alijipangusa kwa kiganja, akala, akajipangusa tena. Nikamwita kando, nikamwambia, "Hebu toa ulimi nje." Akautoa, lakini haukuvuka mdomo wa chini, na ncha yake ikaingia ndani katikati, ikafanya umbo la kopa ya karata. Nikamwambia, "Uinue juu, uguse meno ya juu." Hakuweza. Chini ya ulimi naliona utando mweupe, mfupi, mgumu, umeushika karibu na ncha, kama kamba ifungavyo mbuzi katika mambo.

Nikamwambia tena, "Sema lala." Akasema kitu kama "yaya."

Hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu. Msukuma asemaye lafiki ana L nzuri kabisa. Tena L hiyo ndiyo aitumiayo mahali pa R. Mtoto huyu hakuwa na R wala L. Kama ningalisikiliza kwa makini siku moja tu, mwezi wa Januari, ningalijua. Lakini nalisikia nilichotazamia kukisikia.

Jioni ile nikaenda kwao. Alilelewa na bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Nikamweleza niliyoyaona. Akatikisa kichwa, akasema, "Hayo nayajua tangu alipozaliwa. Alinyonya kwa taabu, na mama yake chuchu zilimpasuka. Jirani mmoja akataka kumleta mtu akataye vimeo, aje aukate utando ule kwa wembe. Nikakataa. Mtoto wa dada yangu alikatwa kimeo kwa wembe, akatoka damu usiku kucha, wala hakufika asubuhi. Basi nikasema, afadhali mtoto asiye na maneno mengi kuliko mtoto asiyekuwapo."

Nikamwambia alifanya vema, nami nasema hivyo hata leo. Kisha yule bibi akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Lakini mwalimu, mbona tangu alipoanza shule ameanza kuinama? Hapa nyumbani alikuwa akitembea kama watoto wengine."

Swali hilo sikulijibu. Nalisema habari za madawati, na madawati kweli yalikuwa machache, lakini nalijua kwamba jibu lenyewe si hilo lote.

Likizo ya Disemba ilipofika tukampeleka hospitali kwa daktari wa meno, kijana mwenye subira. Hali hii baadhi ya watu huiita udata. Alimtazama mtoto kinywani, kisha akamtazama shingoni na mabegani, akamwambia asimame. Nikamwuliza mabega yana habari gani na ulimi. Akachukua karatasi, akanichorea, na mchoro ule ninao mpaka leo.

Ulimi, alisema, una misuli ya namna nane. Namna nne zimo ndani ya ulimi wenyewe, na kazi yao ni kuugeuza umbo: kuurefusha, kuufupisha, kuutandaza na kuukunja. Namna nne nyingine huufunga ulimi katika vitu vilivyo nje yake: katika kidevu kwa ndani, katika fuvu karibu na sikio, katika kaakaa laini, na katika mfupa mmoja mdogo wa shingoni wenye umbo la herufi U, ulio juu ya kikoromeo. Mfupa huu ni wa ajabu, maana haukuungana na mfupa mwingine wowote. Umetundikwa kwa misuli na kano tu, kama hema lishikwavyo na kamba zake pande zote. Kamba nyingine hutoka katika taya na fuvu, nyingine hutoka kidarini, na moja, wasomaji, hutoka katika kombe la bega. Nalimwuliza mara mbili kama sikusikia vibaya. La, alisema, liko msuli mwembamba utokao katika kombe la bega, ukapita shingoni, ukashika mfupa ule ule ambao ulimi nao umeushika. Basi mabega yakianguka mbele na shingo ikinyoshwa kama ya kobe, kamba za hema hubadilika zote, hizi hulegea na hizi hukazika, na ulimi hufanya kazi juu ya msingi uliopotoka.

Usinisadiki bure, msomaji, jaribu mwenyewe. Elekeza uso darini, kisha umeze mate. Utaona jinsi inavyokuwa kazi. Rudisha uso mahali pake, umeze tena, uone tofauti. Kisha kunja mgongo na kutanguliza kidevu, kama wafanyavyo watu wa siku hizi wanaposoma simu zao. Utasikia taya la chini linavutwa nyuma na kinywa chataka kufunguka chenyewe. Ukiwa katika hali hiyo sema ra-ra-ra kwa nguvu, halafu kaa wima useme tena. R yetu hutaka ncha ya ulimi iinuke upesi, ipige ufizi ulio nyuma ya meno ya juu, pumzi nayo ipite kwa nguvu ya kutosha kuitikisa. Aliyejikunja amebana kifua, kwa hiyo pumzi imepungua. Na taya lake limeshuka, kwa hiyo ncha ya ulimi ina safari ndefu zaidi. Mwenye ulimi huru huishinda shida hiyo bila ya kuifahamu. Mwenye ulimi mfupi hana akiba ya kuishindia.

Nikafurahi, nikadhani nimepata dawa. Nikamwambia daktari, "Basi tukimnyoosha mgongo atasema." Akacheka kwa upole. Akamsimamisha mtoto ukutani, visigino, mgongo na kisogo vikigusa ukuta, akamwambia afumbue kinywa na kuinua ulimi. Uliinuka kidogo kupita ulivyoinuka alipokuwa ameinama. Kidogo tu, kisha utando ukauzuia. "Unaona, mwalimu," akasema, "mambo ni mawili. Kuna ulimi uliowekewa msingi mbaya, na kuna ulimi uliofungwa. Wa kwanza utauponya kwa dawati. Wa pili hata ukimkalisha mtoto wima kama mnara, utando hautarefuka."

Neno hilo nimelikumbuka mara nyingi tangu hapo, maana siku hizi wako watu wasemao mambo makubwa juu ya utando huu: ya kwamba ndio unaoupinda mgongo wote, ukavuta mabega, hata nyonga na nyayo, na kwamba ukikatwa mwili wote hunyooka. Nimejitahidi kuyasoma yaliyoandikwa na wenye elimu ya mambo hayo. Mwaka 2019 Nikki Mills, daktari wa New Zealand, na wenzake walichapisha kazi yao ya kupasua maiti za watu wazima, wakaonyesha kwamba utando ule si uzi uliojitenga kama watu walivyodhani, bali ni mkunjo wa tabaka itandayo sakafu yote ya kinywa, nao huinuka pale ulimi unapoinuliwa. Kwa hiyo kila mtu anao, na kuwa nao si ugonjwa. Neno ni kama unauzuia ulimi kazi yake. Na mapema kidogo, mwaka 2017, wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 5 yaliyofanywa kwa watoto wachanga 302. Wakaona ya kwamba kuukata utando kuliwapunguzia akina mama maumivu ya chuchu kwa muda mfupi, lakini juu ya kunyonya kwenyewe hawakuona faida iliyo thabiti katika majaribio yote. Sasa, ikiwa kunyonya, ambayo ni kazi ya ulimi wenyewe, ni vigumu kuithibitisha hivyo, mtu awezaje kuahidi kwa hakika habari za mgongo na nyayo? Kwamba ulimi na bega vimeunganishwa kwa misuli ni kweli, hilo hata mchoro wangu waonyesha. Lakini nyumba yangu na mji wa Mwanza vimeunganishwa kwa barabara, wala mlango wangu ukikwama, Mwanza hakuna asimamaye.

Katika jambo hili Wagiriki wa kale walikuwa na akili. Wanasimulia habari za Demosthenes, msemaji mkuu wa Athens, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, ya kwamba ujanani ulimi wake ulikuwa mzito, tena alikuwa na tabia mbaya ya kurusha bega alipokuwa akisema. Kwa ulimi alitia vijiwe kinywani akajizoeza kusema navyo. Kwa bega alitundika upanga juu yake, ili kila alipolirusha limchome. Kama habari hizo zina chumvi sijali. Nazipenda kwa sababu zina dawa mbili. Hakutazamia upanga umponye ulimi, wala vijiwe vimtulize bega.

Nasi tukashika njia mbili. Ya kwanza ilikuwa dawati. Mwaka ule ule wa 2016 kulikuwa na juhudi kubwa ya madawati nchi nzima, na shule yetu ikapata fungu lake. Ila yalikuwa ya kimo kimoja, na watoto wadogo wakining'iniza miguu kama ndege juu ya tawi. Mtoto ambaye miguu haigusi sakafu hawezi kukaa wima kwa muda mrefu, hata mwalimu apige kelele namna gani. Ataserereka mbele, atajikunja, atalalia mkono. Hili halikunipata kichwani kwa miaka yote niliyotoa amri yangu. Nikamwita seremala, akapunguza miguu ya madawati manne, mpaka mtoto akiketi nyayo zikae chini zote na viwiko viwe sawa na ubao wa kuandikia. Shule zilipofunguliwa Januari, nikamkalisha mtoto wetu hapo, mbele, mbali na ukuta.

Siku hiyo hiyo nikafanya jambo jingine, ambalo lilinipa shida kuliko kumlipa seremala. Nalimwomba radhi mbele ya darasa lote, kwa kuwa kosa nalilitenda mbele ya darasa lote. Nikawaeleza watoto kwamba ulimi wa mwenzao una utando mfupi, kama vile mwingine azaliwavyo na kidole cha sita, na kwamba mwalimu ndiye aliyekosa kwa kutotazama. Yeye alitazama miguu yake muda wote nilipokuwa nikisema. Mtoto mmoja akauliza kama kila mtu ana utando. Nikawaambia watazamane, na kwa muda wa dakika kumi darasa la tatu zima likawa limeachama vinywa.

Majuma yakapita. Mgongo wake ukanyooka, na upesi kuliko nilivyotazamia. Sauti, ambayo hapo kwanza haikufika safu ya pili, ikafika mlangoni. Kinywa chake kikafungwa alipokuwa akisikiliza. Mimi naamini kwamba dawati lilifanya sehemu ya kazi hiyo, na sehemu iliyobaki ilifanywa na ule msamaha. Maana nalikuwa nimefikiri sana juu ya swali la bibi yake, nikaona kwamba mtoto yule hakujikunja kwa kukosa dawati tu, wala kwa kuvutwa na utando. Alijikunja ili kukificha kinywa chake. Na alivyojikunja ndivyo ulimi ulivyozidi kushindwa, na alivyoshindwa ndivyo nilivyozidi kumkaripia. Katika duara hiyo, mimi nalikuwa upande wa utando.

Lakini R haikuja, wala L, kama daktari alivyosema.

Mwezi wa Februari akakatwa. Bibi yake alikuja, akakaa nje ya chumba na kanga yake mdomoni. Ilikuwa kazi ya dakika chache: dawa ya ganzi, mkasi, na nyuzi mbili tatu za kushona. Bibi akatazama ndani ya kinywa, akaona damu kidogo tu katika pamba, akauliza, "Ndiyo hiyo tu?" akaketi tena, kwa kuwa magoti yalimlegea.

Ulimi uliofunguliwa haujui pa kwenda, lazima ufundishwe. Daktari alimpa mazoezi, nasi tukayafanya kila siku baada ya masomo, yeye na mimi. Nalimpaka asali juu ya mdomo wa juu, naye akaitafuta kwa ulimi. Alipiga ulimi kwenye kaakaa kama aswagaye punda. Aliuweka ncha nyuma ya meno, akafumbua kinywa bila ya kuuteremsha, akahesabu kumi kwa vidole. Na katika yote hayo nyayo zilikuwa chini na kichwa juu ya mabega, maana daktari alisisitiza hivyo: ulimi unapojifunza kazi mpya, usijifunze juu ya msingi mbovu. L ilikuja kwanza, baada ya majuma matatu. Nakumbuka alisema "lala" akashtuka mwenyewe, akalisema tena mara nyingi mpaka nikamwambia aende nyumbani kwa bibi yake akamwonyeshe.

R ilichelewa. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili nalikuwa nikiwasomesha habari ya safari, watoto wakisoma kwa zamu, fungu kwa fungu. Zamu yake ilipofika nikataka kumruka, kwa kuwa katika fungu lile naliona lile neno. Akasimama kabla sijasema. Akasoma polepole, kichwa juu, na alipofika pale akasema "barabala," R ya kwanza kamili, ya pili imepotea njiani. Watoto wakacheka. Akawatazama, akacheka naye, akavuta pumzi, akarudia neno toka mwanzo, likatoka vile vile, akaendelea na mstari uliofuata.